Jibu la Posa Kambini Kionga

Latifa alijua kaka yake amefika kabla hajamwona. Foleni ilinyamaza.

Tangu asubuhi watu wa kambi walikuwa wamejipanga mbele ya banda la zahanati, wakisukumana na kutetana, watoto wakilia kwa joto la mchanga. Sasa sauti zilikatika moja moja, kuanzia upande wa lango hadi mlangoni pa banda. Latifa alikuwa nyuma ya pazia la khanga, kiganja chake juu ya tumbo la mama mjamzito. Upande wa pili wa pazia Cosme alikuwa anauliza kama alivyouliza siku zote.

"Kichwa kiko wapi?"

"Chini."

"Kinacheza ukikishika, au kimekaa?"

"Kimekaa," alisema Latifa, kisha akashusha sauti. "Cosme, kaka amekuja."

Upande wa pili chupa ziliacha kugongana.

"Mwambie mama avae. Mtoto yuko sawa."

Hivyo ndivyo walivyofanya kazi wawili hawa. Wanawake wa Kionga, na hata wengi wa wale waliokimbia vita kutoka Pundanhar, hawakukubali kushikwa mwili na mwuguzi mwanamume. Cosme, Mmakonde aliyejifunza kazi yake misheni huko bara, hakubishana nao. Alitundika khanga katikati ya banda, akatafuta mwanamke mwenye vidole vya subira, akamfundisha kushika na kueleza. Yeye aliuliza, mwanamke alijibu. Mwanamke huyo alikuwa Latifa, mtalaka wa Kionga, aliyekuja siku moja kumleta shangazi yake mwenye homa, akarudi kesho yake bila mgonjwa.

Kwa muda mrefu alimjua Cosme kwa sauti tu. Sauti ile haikuwa na haraka. Iliuliza, ikangoja jibu, na ikipewa jibu ililiamini. Mume aliyemwacha hakuwahi kumuuliza kitu akangoja jibu. Basi mapenzi yalimwingia kwa njia hiyo, kwa maswali juu ya maini na mabandama ya watu wengine, na alipotambua kuwa yamemwingia hakuwa tena na nguvu ya kuyatoa.

Na hayakuwa ya upande mmoja. Mwezi uliopita Cosme alimtuma Palmira, mama wa kambini mwenye nembo za Kimakonde mashavuni na ulimi unaoogopwa na wanaume, apeleke posa kwa Buanali. Baba yao Latifa alikuwa marehemu, na Buanali, kaka mkubwa, ndiye walii, mwenye idhini ya kumwozesha. Mara ya kwanza Buanali alijibu kwa neno moja, kwamba mtu yule ni Mkristo, akadhani mlango umefungwa. Cosme alifikiri kwa siku kadhaa. Kisha akampelekea habari kwamba yuko tayari kusilimu, na kwamba ameshaanza kwenda kwa mwalimu wa Kionga kujifunza, maana hataki kutamka asichokielewa.

Leo Buanali alikuwa ameleta jibu la pili. Alikuja na kanzu iliyopigwa pasi na vijana wawili wenye fimbo.

Cosme alitoka nje akifuta mikono. Alimwamkia kwa heshima, shikamoo kaka Buanali, na watu wote wakasikia kwamba shikamoo haikuitikiwa.

"Sijakupa ruhusa ya kuniita kaka," Buanali alisema. "Au labda unayo. Hilo hasa ndilo lililonileta."

"Karibu ndani tuzungumze."

"Hapa hapa panatosha. Mambo yenyewe mliyafanya hapa hapa, mbele ya watu. Kunja mkono wa shati."

Cosme alimtazama, kisha akakunja. Juu kidogo ya kiwiko palikuwa na kovu la chanjo ya ndui, la mviringo, lililong'aa.

"Latifa, toka huko. Onyesha na wewe."

Latifa alitoka nyuma ya khanga. Alijua macho ya vijana wawili wa Kionga yanamsubiri, na alijua pia watakayokwenda kusimulia barazani. Akafunua mkono. Kovu lilikuwa lile lile, mahali pale pale.

Hapo ndipo alipoanza kuona kaka yake anaelekea wapi.

Kovu lile lilikuwa na habari yake. Dawa ya ndui ilipofika kambini mara ya kwanza, watu walikataa katakata. Walisema chuma kile ni cha kuwatia alama kama ng'ombe. Cosme alijaribu kueleza, akachoka. Akakunja shati, akachukua kichuma chake chenye ncha kama nibu ya kalamu, akajichanja mwenyewe mbele yao, kisha akapitisha kichuma kwenye moto wa taa ya spiriti na kuuliza nani anafuata. Hakufuata mtu. Latifa akatoka nyuma ya pazia, mwanamke wa pwani, akafunua mkono mbele ya wanaume wa bara. Ilikuwa mara ya kwanza Cosme kumshika. Vidole vyake vilikuwa baridi, na alimshika kama mtu anayeshika yai asilotaka kulivunja wala kuliachia. Latifa hakuhisi chuma hata kidogo.

Lakini Palmira alikuwa ametazama mikono yote miwili, akakumbuka jambo linalojulikana na kila mtu, wa bara na wa pwani. Watu wawili wakichanjwa na damu zao zikakutana, wamekuwa ndugu kuliko wa tumbo moja. Ndugu wa namna hiyo humnyimi maji, humnyimi moto wala chumvi. Kesho yake Palmira alibeba debe hadi kisima cha Kionga. Kambi ilikuwa na kisima chake, lakini maji yake yalikuwa ya chumvi, na wanawake wa Kionga walikuwa wakiwafukuza wakimbizi kwenye kile chenye maji matamu, wakiwaita wala panya. Siku hiyo walimzuia kama kawaida. Palmira aliweka debe chini akawaambia kwamba jana mwenzao amechanjiana na mtu wa kambi, chuma kimoja, watu wote wameona, je, wanamnyima maji dada wa dada yao? Wanawake walicheka. Kisha walitazamana, wakampisha.

Kisima kile kilichimbwa na baba yake Latifa. Buanali alipoulizwa, alikubali. Tangu siku ile debe za kambi zilipata maji matamu, na tangu siku ile watu wa kambi walikuja wenyewe kuchanjwa, familia baada ya familia. Latifa alidhani ni utani wa Palmira uliotembea mbali, naye alicheka kama wengine. Hakuna aliyekumbuka sharti la mwisho la udugu ule. Buanali ndiye aliyekaa akafikiri hadi akalikumbuka.

"Kichuma kilikuwa kimoja?" aliuliza sasa.

"Kimoja," Cosme alisema.

"Nani alitangulia?"

"Mimi. Kisha yeye."

"Basi jibu la posa yako ni hilo. Mtu haoi dada yake. Hata ukisilimu mara saba, dada ni dada."

Foleni iliguna. Latifa alimwona Palmira akifumba macho, kama mtu aliyegundua amekata tawi alilokalia.

Cosme hakupandisha sauti. Alieleza kama alivyoeleza kila kitu, polepole, akianzia mwanzo. Kati ya mkono wake na wa Latifa kichuma kilipita motoni. Moto uliunguza damu yote. Hakuna tone lake lililoingia kwa Latifa, wala la Latifa kwake, wala la yeyote aliyechanjwa hapa kwa mwenzake. Ile ni dawa ya kuzuia ndui, na hakuna kingine ndani yake. Kwa hiyo hakuna udugu, na posa yake bado iko palepale.

Aliyasema yote hayo kwa ukweli, na Latifa, aliyempenda kwa sababu ya ukweli huo huo, alitamani amzibe mdomo kwa kiganja.

Maana watu walikuwa wanasikiliza. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, ambaye mkono wake ulikuwa bado na kidonda cha chanjo ya juzi, alisogea mbele.

"Kama si udugu," alisema, "basi mmetutia nini mwilini?"

"Dawa, mama. Ya ndui."

"Mimi sikuomba dawa. Niliambiwa nitakuwa na ndugu hapa."

Wale wageni waliofika majuzi kutoka Pundanhar, ambao chanjo ya leo ilikuwa yao, walianza kuzungumza kwa Kimakonde, upesi, kwa kinyongo. Hawakuwa na mtu hapa pwani. Walikuwa wamekubali kusimama juani tangu asubuhi kwa sababu waliambiwa chuma kile kinampa mtu jamaa katika nchi ya watu. Mzee mmoja alitoka kwenye mstari. Mke wake akamfuata. Na kwa namna mstari unavyovunjika, walipotoka wawili walitoka wengi.

"Nyie, rudini," alisema Cosme, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na haraka. "Dawa nimeshaifungua. Haikai hadi kesho."

Ilikuwa kweli. Dawa ilikuja jana kutoka Palma ndani ya chupa ya chai iliyojazwa barafu ya wauza samaki, na barafu ilikuwa imekwisha kuwa maji. Na nyuma ya kambi, katika kibanda cha peke yake, alilala mwanamke wa hao hao wageni mwenye ndui mwili mzima. Aliosafiri nao ndio waliokuwa sasa wanakunja mikeka. Wakitawanyika porini leo, ndui itatawanyika nao.

Buanali alikuwa ameyatazama yote bila furaha. Alipozungumza tena, alizungumza na kambi nzima.

"Mmesikia kwa kinywa chake. Hakuna udugu kati yenu na sisi. Basi na maji hayapo. Kisima kimefunikwa."

Hakuwa anatisha tu. Wanawake waliotangulia kisimani walikuwa wanarudi kupitia langoni, debe zikigongana tupu.

Palmira ndiye aliyemjibu. Alimwendea karibu hadi kanzu nyeupe ikarudi nyuma hatua.

"Nyie watu wa Kionga mnaosha miguu mara tano kwa siku," alisema, "na mtoto wangu hana la kulowesha ulimi. Hizo swala zinapokelewa wapi?"

"Chunga mdomo, mama."

"Nichunge nini? Sina ng'ombe, sina mbuzi, vita vimekula vyote. Mdomo ndio niliobaki nao, na unataka niufungie zizini."

Mtu mmoja alicheka nyuma, kicheko cha hasira. Kijana mmoja wa Buanali alinyanyua fimbo kidogo, na mwanamume mmoja wa kambi akaokota jiwe, na Latifa akajikuta ameingia katikati.

"Kaka, shemeji hanyimwi maji. Niozeshe kwake, na watu hawa wawe wakwe zako. Utafungua kisima kwa haki ile ile."

"Shemeji namchagua mimi."

"Kwa nini si huyu? Una neno gani juu yake? Amekutukana? Amelewa? Amenigusa?"

Buanali alipojibu hakumtazama Latifa, alitazama mchanga.

"Amina naye alisema hivyo hivyo. Mtu mwema, hanywi, hatukani. Nikamwozesha bara, kwa mkono wangu huu. Unajua yuko wapi sasa? Mimi sijui. Sijui kama amekufa nikamsomee, au yu hai nimfuate. Mama ameniuliza kila siku hadi amekoma kuniuliza. Simtoi dada wa pili aende kuliwa na bara."

Amina alikuwa dada yao mkubwa, na tangu vita vianze hakuna aliyeleta habari yake. Kwa muda kidogo hakuna aliyetukana mtu.

Kisha Buanali akajikaza. Alisema yeye si mtu wa dhuluma, na atawapa njia mbili. Ama hawa wawili ni ndugu, kama kambi na Kionga walivyoamini siku zote, na kisima kitafunguliwa sasa hivi na hakitafungwa tena, yeye ataapa. Ama si ndugu, na kila mtu akae na maji yake. Wachague wenyewe. Akageuza debe tupu, akaketi juu yake karibu na uzio, kanzu yake ikaburuza vumbini.

Cosme alirudi ndani ya banda. Latifa alimfuata, na kwa mazoea kila mmoja akasimama upande wake wa khanga. Kisha Cosme akaivuta khanga kwa nguvu, kamba ikakatika, wakabaki wanatazamana.

"Nitawaeleza tena," alisema. "Nitakwenda kibanda kwa kibanda. Watu wakielezwa vizuri wanaelewa."

"Dawa itangoja?"

Cosme alitazama mlango.

"Cosme, dawa itangoja?"

"Hapana."

"Basi."

"Usiniambie basi kana kwamba umeshaamua." Alimsogelea. Macho yake, ambayo kwa kawaida yalitulia juu ya kitu kimoja hadi akimalize, yalikuwa yanatangatanga usoni mwake. "Tuvuke Ruvuma. Mimi na wewe. Kule Mtwara kuna hospitali, watanipa kazi. Nani Mtwara atakuja kukuuliza mkono wako umechanjwa na nani?"

Latifa alikiona chumba ambacho wangeishi huko. Alikiona chote kwa ghafla: kitanda cha kamba, sufuria yake mwenyewe, shati la mtu huyu limetundikwa ukutani, na sauti yake ikimuuliza mambo madogo asubuhi, ikingoja jibu. Alikitaka.

"Na wale walio nje?" alisema.

"Wale wamenikimbia. Nimewaambia kweli, wamenikimbia."

"Umewaambia kweli ya dawa. Wao walikuwa wanauliza juu ya maji."

"Ulitaka niwadanganye?"

"Ulikuwa unawadanganya." Alishangaa kusikia sauti yake ilivyo kali, lakini hakuirudisha. "Walipokuja mbio kuchanjwa, watu wale wale waliokataa jana yake, ulijua kilichowaleta?"

Cosme aliitazama kamba iliyokatika.

"Nilisikia," alisema mwishowe.

"Kutoka kwa nani?"

"Kwa Palmira. Kesho yake."

"Ukanyamaza."

"Walikuwa wanakuja, Latifa. Kila aliyekuja ni mtu ambaye ndui haitamuua. Nilitazama mikono tu. Sikutaka kuuliza zaidi."

"Basi uliniita dada siku ile ile. Mimi ndiye niliyechelewa kusikia."

Neno hilo lilimpata. Alimwona linampata, na hakuona raha. Cosme aligeukia meza, akashika kichuma, akakiweka, akapanga chupa ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. Akasema, akiwa amempa mgongo, kwamba siku ile hakujua kuwa atampenda. Alidhani anamshika mkono msaidizi jasiri. Alipojua, nusu ya watu wa kambi walikuwa wameshachanjwa, na hakuona njia ya kurudi nyuma bila kuwapoteza.

"Sasa naiona," aliongeza kwa uchungu. "Wameniondokea hivyo hivyo."

"Geuka."

Aligeuka.

"Niambie hunitaki," alisema Cosme. "Nitakubali. Nitawaambia watu chochote unachotaka."

"Siwezi kusema hilo. Halafu iwe mimi niliyekukataa, na wewe uwe mtu safi?"

"Basi nenda kamwambie kaka yako unanitaka."

"Analijua. Kila mtu analijua. Mbona unadhani amekuja na fimbo?"

Nje mtoto alianza kulia, kilio kikavu cha mtoto mwenye kiu. Kupitia upenyo wa makuti Latifa aliwaona wageni wa Pundanhar wakifunga mizigo. Mzee aliyetoka kwanza kwenye mstari alikuwa anajaribu kufunga fundo la mkeka na vidole vyake havikutii. Mke wake alikuwa amekaa chini ametazama kibanda cha peke yake nyuma ya kambi. Aliyelala mle ndani na ndui alikuwa binti yao. Walikuwa wanamwacha.

"Ukiwaambia sisi ni ndugu," alisema Cosme nyuma yake, kwa sauti ndogo, kwa kuwa alikuwa ameshaelewa, "hatutaweza kuuvunja tena. Udugu ule hauna talaka."

"Najua."

"Usitoke, Latifa. Nakuomba."

Katika miezi yote hakuwahi kumsikia akiomba kitu. Alisimama mlangoni na kumpa nafasi ya kusema neno jingine, neno lolote ambalo lingemwonyesha njia ya tatu. Alingoja kama yeye Cosme alivyozoea kungoja majibu ya watu. Cosme alifungua mdomo, akatazama chupa ya dawa iliyofunguliwa, akaufunga.

Latifa akatoka.

Hakujua maneno yenyewe husemwaje. Aliyasema kama yalivyomjia, kwa sauti kubwa, ili walio langoni wasikie.

"Mimi ni Latifa binti Sufo. Nimechanjwa kwa chuma kilichomchanja Cosme. Moto au si moto, mimi ndiye mwenye mkono, na mimi nasema damu yake imeingia kwangu. Ni ndugu yangu. Na kila aliyechanjwa hapa ni jamaa yangu, na atakayechanjwa leo ni jamaa yangu. Anayewanyima maji amewanyima watoto wa baba yangu, katika kisima cha baba yangu."

Watu walisimama na mizigo mikononi. Buanali alikuwa ameinuka juu ya debe. Kwa uso wake ungedhani amepigwa, ingawa alikuwa amepata alichokitaka.

Palmira alitazama chini. Mwanamke yule ambaye hakuwahi kukosa neno alikuwa analitafuta.

"Mwanangu," alisema mwisho, taratibu, "mmoja akisema peke yake haifungi. Lazima na yeye aseme."

Macho yote yakaenda kwenye mlango wa banda.

Cosme alikuwa amesimama hapo, shati bado limekunjwa. Latifa hakumtazama usoni, alitazama mikono yake. Aliwaza kwamba mtu huyu hakutaka hata kutamka shahada kabla hajaielewa, na sasa anadaiwa atamke neno ambalo analijua si kweli, analijua kuliko mtu yeyote duniani. Angeweza kukataa. Moyo mmoja wa Latifa ulimwombea akatae. Mzee wa Pundanhar alikuwa ameacha fundo lake, akingoja kama wengine.

Cosme aliingia ndani. Watu wakaanza kunung'unika. Kisha wakasikia kiberiti kinawashwa, wakaona mwanga wa buluu wa taa ya spiriti, na yeye ameketi mezani na kichuma mkononi, ameinamisha kichwa.

"Dada Latifa," alisema. "Niletee wa kwanza."

Alilisema vizuri, bila kukwama. Hilo ndilo lililomkata Latifa.

Alimwendea mke wa mzee, akamshika mkono, akamwinua kutoka mchangani. Mzee akafuata. Kisha mama mmoja na watoto wake, kisha vijana, hadi mstari ukafungika tena mpaka langoni. Buanali alizungumza na wale wawili wenye fimbo, nao wakaenda upesi njia ya kisimani, na nyuma yao wanawake na debe zao, wakipigana vikumbo nani atangulie. Palmira hakwenda. Aliokota khanga iliyoanguka, akaikung'uta, akaanza kuunga kamba yake bila kumtazama mtu.

Latifa alifuta mkono, akaushikilia. Cosme alichanja. Ikiwa vidole vyao vilikaribiana, mmoja aliviondoa.

Buanali alikuja mezani baada ya muda. Hasira ilikuwa imemtoka, na bila hiyo alionekana mtu aliyechoka, mwenye umri mkubwa kuliko miaka yake. Alikohoa. Alisema kwamba maji yameshaanza kuchotwa, na kwamba yeye ni mtu wa kushika neno.

"Na wewe," alimwambia Cosme, karibu kwa aibu, "Ijumaa uje ule kwetu. Mama atafurahi. Nyumba ni yako sasa, unaingia saa yoyote, unakaa, unazungumza na dada yako. Hakuna atakayekuuliza."

Alikuwa anamaanisha. Hakukuwa na kejeli hata moja ndani yake. Alikuwa anampa mtu yule kila alichokuwa amemnyima, isipokuwa kimoja.

Cosme hakuinua kichwa. "Nashukuru, kaka," alisema.

"Asije," alisema Latifa.

Buanali alimgeukia. "Ndugu yako asije kwenu? Si umesema mwenyewe, mbele ya..."

"Nimesema. Maji wape, chumvi wape, chochote wape." Alikuwa amemshikilia mtoto wa mtu mkono. "Lakini yeye asije, kaka. Nakuomba. Mwache asije."

Buanali aliwatazama wote wawili, mmoja kisha mwingine, na safari hii alitazama kwa muda mrefu. Akatoka taratibu.

Cosme alipitisha kichuma motoni, akangoja kipoe, akauinamia mkono wa mtoto.